Kiriba chenye Jina

Kwa Mama Kitalu, mtu anayepanda mche pamoja na kiriba chake hana tofauti na anayemvisha mtoto mchanga viatu akaapa hatamvua mpaka siku ya ndoa. Alimwambia hivyo kila kibarua mpya, na kila bosi mpya pia, maana mdomo wake haukujua nani mkubwa nani mdogo. Kiriba ni kile kimfuko cheusi cha plastiki ambamo mche hulelewa kitaluni. Siku ya kupanda unakipasua kwa wembe, unakivua, unauweka mche shimoni na udongo wake. Ukikiacha, mizizi inazunguka humo humo ikitafuta njia, inajisokota kama nywele kwenye tundu la bafu, na mti unakufa taratibu huku juu bado una majani. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Mkwe wa Mama Kitalu, mwenye digrii mbili, alielewa pia, na hilo ndilo lililomchoma.

Mkwe alikuwa msemaji wa kampuni kubwa ya vinywaji vya chupa, iliyoamua kupanda miti dunia nzima. Nchi arobaini, siku moja, saa moja. Nia si mbaya, ungesema. Ila mkwe akapata wazo, na wazo hilo likafika kitaluni ndani ya maboksi: viriba vyeupe vyenye jina la kampuni kwa herufi nyekundu, vya kuvishwa juu ya vile vyeusi. Mama Kitalu na wanawake wenzake kumi na mmoja walikaa siku tisa wakiivisha miche sare. Walicheka sana siku ya kwanza. Siku ya tisa hakuna aliyecheka.

Miche yenyewe ilikuwa elfu nne na mia mbili, yote mivule, na yote ya mama mmoja. Mvule mkubwa wa mwisho ulikuwa ukingoni mwa msitu, na Mama Kitalu aliokota mbegu zake misimu minne, akigombania matunda na popo. Msimu mmoja haikuota hata mbegu moja, akalia kama aliyefiwa. Kisha wezi wa mbao wakaja na msumeno wa injini, wakaacha kisiki. Hapakuwa na mbegu nyingine popote. Miche hii ikifa, mivule ya msitu ule imekwisha, basi, tutabaki kuwaonyesha wajukuu picha.

Jumapili kabla ya shughuli, mkwe alikuja nyumbani kwa Mama Kitalu na shati lililonyooka, akaketi ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa upya.

"Mama, nina ombi. Vile viriba vyeupe, siku ile visivuliwe."

"Kwa nini visivuliwe?"

"Jina la kampuni liko pale. Ukivivua, kwenye picha halionekani."

"Na mche ukifa?"

"Hautakufa, Mama. Tukishapiga picha, watu watapita kuvivua."

"Mwaka juzi wengine walisema hivyo hivyo. Nilikwenda mwenyewe na jembe, nikafukua miche mia moja. Yote ilikuwa imekufa, na plastiki mpya kama imetoka dukani leo. Nani alipita?"

Mkwe akatazama viatu vyake. Alikuwa kijana mwenye adabu, hajawahi kumpandishia sauti, na binti yake hakuwa na malalamiko juu yake. Kwa hiyo Mama Kitalu aliyameza maneno yaliyokuwa kwenye ncha ya ulimi. Mkwe ni mkwe, huwezi kumkaripia kama kibarua aliyechelewa.

"Basi angalau mche wa mgeni rasmi uvuliwe," alisema shingo upande. "Watu waone inavyofanywa. Mingine nitajua mwenyewe pa kuanzia."

"Huo utavuliwa, Mama. Nakuahidi."

Siku ya shughuli palijengwa hema jeupe, zikapangwa soda, na mbele ya viti vya wakubwa ikawekwa skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Lori lilikuwa limeshusha zaidi ya nusu ya miche. Wafanyakazi wa kampuni, wamevaa fulana mpya na glovu ambazo hazijawahi kuona udongo, walikuwa wakiipanda kwa mbio, kiriba cheupe nje, cheusi ndani, ukingo wenye jina umebaki juu ya udongo ukitazama kamera. Mama Kitalu alisimama kando na wembe wake, akisubiri mche wa mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuja, akainama, akasita. Kwa haki, alisita. "Hii plastiki haitolewi?" aliuliza.

Mama Kitalu alipiga hatua mbili. Mkwe alimkinga kwa bega, polepole, kama anayefunga mlango mtoto asiamke. "Ni aina mpya, mheshimiwa," alisema. "Inaoza yenyewe." Mche ukaingia shimoni na nguo zake zote mbili, watu wakapiga makofi.

Uongo mtupu, na aliutoa bila hata kupepesa macho. Labda Mama Kitalu angeumeza na huo. Alikuwa ameshameza mengi, anayefanya kazi na watu wa ofisi hujifunza kumeza. Lakini wakati huo skrini ikawaka, zikaanza kupita picha za nchi nyingine. Huku milima, kule ufukwe, kwingine mvua inanyesha watu wana makoti. Na kila mahali mistari ya miche iliyonyooka, na kila mche umevaa kiriba cheupe chenye herufi nyekundu. Wazo la mkwe wake lilikuwa limezunguka dunia. Kwenye picha moja, pembeni kabisa, alisimama mwanamke mwenye kitambaa kichwani na udongo mpaka kwenye viwiko, amekunja mikono. Mama Kitalu hakumjua, wala lugha yake asingeijua, lakini uso ule aliujua. Ulikuwa uso wake mwenyewe.

Hapo uvumilivu ukamwisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti, akamsogeza mshereheshaji kwa kiwiko.

"Hiyo plastiki haiozi," alisema. "Mimi ndiye niliyeivisha miche plastiki hiyo, naijua. Miche mliyopanda itakufa yote, na wengi wenu mnajua. Hamkuja kupanda miti. Mmekuja kupanda jina. Miti hii haina mama tena, mama yao alikatwa. Chukueni wembe hapa, vueni, sasa hivi, ama mniache nivue mwenyewe."

Mkurugenzi wa kampuni akamgeukia msemaji wake. "Huyu mama ni nani? Unamjua?"

Mkwe alikuwa ameshakishika kipaza sauti ili akizime, ila hakuwa amekizima bado. Jibu lake lilisikika hema zima na shamba zima.

"Hapana, mkuu. Ni kibarua tu wa kitaluni."

Walinzi walimwongoza Mama Kitalu mpaka nyuma ya hema, wakimwambia kwa upole aweke wembe chini, na yeye akaweka. Mbele yake lilikuwa lori, na juu ya lori miche elfu moja na mia nane iliyokuwa haijashushwa.

Akapanda. Alikuwa na miaka hamsini na sita na goti bovu, akapanda hivyo hivyo, akajipenyeza katikati ya miche, akakaa.

"Mama, nimeambiwa nishushe yote," alisema dereva.

"Shusha. Ila utaanza na mimi, na mimi sishuki."

Dereva alimtazama, akaona hakuna mzaha pale, akaenda kuketi kwenye usukani. Baada ya muda mkwe akaja mbio, jasho limelowesha lile shati.

"Mama, tafadhali shuka. Watu wanaangalia."

"Mama wa nani?"

"Mama, ilinitoka tu. Yule ni bosi wangu."

"Kibarua wa kitaluni haitwi mama na msemaji wa kampuni. Niite kibarua. Si tusi, ndiyo kazi yangu."

"Nitamwambia nini mke wangu?"

Hapo aliinuka, akashika ubao wa lori, akamwinamia mpaka nyuso zikakaribiana. Alikuwa na hasira hata macho yalimwuma.

"Rudi pale hemani. Shika kile kipaza sauti. Sema mimi ni nani kwako, halafu sema mche ukipandwa na kiriba unakufa. Mambo mawili tu. Ukiyasema, nitashuka mwenyewe, tutavivua pamoja mpaka cha mwisho, na mke wako hatasikia neno kutoka kwangu."

Mkwe akageuka, akarudi hemani, na safari hii alikwenda kwa hatua za mtu aliyeamua jambo. Mama Kitalu akamfuata kwa macho. Alijikuta anaomba kimoyomoyo, yeye asiyependa kumwomba mtu kitu. Alimwona akifika mbele, akipita kati ya viti, akiinama kumnong'oneza mtu wa mitambo. Kipaza sauti kikakwaruza.

Ukapigwa muziki, kwa sauti ya juu, na watu wakaanza kucheza.

Mama Kitalu aligonga paa la kabini kwa ngumi. Dereva, ambaye naye alikuwa amesikia yote, akatoa kichwa dirishani na kuuliza waende wapi na miche yote hii, na yeye akamwambia aendeshe tu, atamwonyesha njia. Lori lilipopita kando ya shamba alijilazimisha kutazama ile elfu mbili na mia nne waliyoiacha, mstari baada ya mstari, mibichi kabisa, inapendeza, kila mmoja na jina lake shingoni. Kisha akakaa chini, akakishika kiriba cha kwanza kilichokuwa karibu yake, na kwa kuwa wembe hakuwa nao, akakichana kwa meno.