Mwanafunzi wa Siku ya Kwanza

"Mausi ya kompyuta usiishike hivyo," mwalimu alinong'ona. "Ishike kama mtu asiyeijua."

Mama Pacha alilegeza vidole. Mara ya nne sasa anasoma somo hilohilo la kuiagiza kompyuta: unaburuta kipande cha njano, unabandika cha bluu chini yake, kuku wa kwenye kioo anatembea. Huandiki kitu, vipande vinashikana vyenyewe, hata aliyeishia la saba anaweza. Ndiyo maana alikuja. Cheti kilitolewa ukimaliza hatua ya pili, na mwenye duka la kuchapa barua alishamwambia: leta cheti, kiti kipo. Aachane na kufua nguo za watu.

"Hatua ya pili lini, mwalimu?"

"Dada yangu, wafadhili wanahesabu wanaoanza. Wewe leo kosea kosea mbele ya mgeni, nitakuombea nafasi."

Mgeni wa wafadhili akaingia, mama wa makamo, mpiga picha nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeanza lini?"

"Leo."

Mgeni akamshika mkono, akauongoza mpaka kwenye kipande cha njano kama anayemlisha mtoto uji. Kuku akatembea. Kamera ikapiga.

"Umeona? Wala si kazi."

Mama Pacha akautoa mkono wake. Akaburuta kipande kilichoandikwa 'rudia', akaburuta cha 'ikiwa', akavipanga bila kutafuta. Kuku akafika ukutani, akageuka, akadonoa punje, na pembeni namba za kuhesabu punje zikaanza kupanda. Mwalimu akaangalia dari.

"Nataka hatua ya pili, mama."

"Utafika tu. Kwanza tuwafikie wengi." Mgeni akamgeukia mpiga picha. "Siku moja tu, na anafanya haya. Andika hivyo."

Walipoondoka mwalimu alikuwa anacheka peke yake. "Umetubeba, dada. Tumeongezewa miaka miwili."

"Ya hatua ya pili?"

"Ya kwanza. Njoo utie sahihi."

Daftarini, kwenye mstari wake, lilishaandikwa jina la mama mkwe. Awamu zilizopita aliandikishwa kwa jina la dada yake, la wifi yake, na la marehemu mama yake. Mama Pacha akalikata. Juu yake akaandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, na mbele yake: mara ya nne.

Mwalimu akasoma. Akaichana karatasi polepole, akapiga mistari kwenye nyingine, akaandika tena jina la mama mkwe, akamnyooshea kalamu.

Mama Pacha akaweka mikono nyuma.