Siku Shirika Walipohamisha Fotei

Mimi Virginie sina shida na mutu. Lakini mutu akihamisha kiti ndani ya nyumba yangu bila kuniuliza, tutaonana. Hapa kwetu Muhungu wanasema kichwa yangu imeharibika. Waseme. Sababu iko moja tu, na jina yake ni Jenerali.

Jenerali ni mbwa yetu. Wakati alikuwa na macho, hakuna mutu alikanyaga ngazi zetu bila kupiga hodi tangu barabarani, na mwenye kuleta fakture ya kulipa maji alikuwa anaiacha kwa jirani. Kisha jicho moja likageuka nyeupe, na lingine likafuata, mpaka Jenerali akawa anabwekea ukuta na kutikisia kabati mukia. Veterineri alimumulika na taa, akasema hakuna dawa ya kurudisha macho, lakini mbwa kipofu anaweza kuishi vizuri kabisa kama nyumba inatulia. Ile neno ya kutulia njo nilishika na mikono mbili.

Nikatuliza nyumba. Nilikata tapi ya zamani, zulia la saloni, vipande virefu, nikavitandika kutoka kambre za nyuma, kule tunalala, kupitia saloni, mpaka kwenye mulango wa pembeni wa kutokea inje. Akikanyaga tapi, anajua iko njiani. Juu ya ngazi, pale mutu akiteleza anafika kwa jirani wa chini bila kupenda, nilikuwa napakaa kitunguu saumu kila asubuhi. Akisikia ile harufu, anasimama. Kuku nilimufunga kengele ndogo shingoni, asimushitue mwenzake. Fotei zote, vile viti vikubwa vya saloni, nilizikataza kutembea. Na watu wa nyumba niliwaambia: mutu asimuguse Jenerali kabla ya kusema jina yake.

Bwana yangu Apollinaire ni mutu wa biro, anavaa kravati, anaongoza watu. Kila asubuhi alikuwa anasimama mbele ya mbwa na kusema, "Ni mimi, Apollinaire," huku ananiangalia mimi kwa jicho baya. Alisema nyumba inanuka sawa jiko ya restora. Alisema hata kwa shefu wake hajitambulishi namna ile. Kila tukikaa kwenye meza, wimbo ni ule ule: mbwa ni ya kuona mwizi, na mbwa yenye haione mwizi ni mudomo wa kula tu. Apelekwe Mudaka kwa mudogo wake Bulonza, kule kuko nafasi.

Nafasi! Mudaka kwa Bulonza kuko mitaro ya maji, kuko ng'ombe za watu, kuko watoto wenye mawe mukononi. Jenerali hangemaliza wiki, na Apollinaire alijua. Nilimuambia hivyo, akanijibu kwamba mwenye haone anakuwa muzigo kwa wenye wanaona, ni hivyo dunia iko.

Na baba mukwe wangu, Muzee Théodore, alikuwa anasikia hayo yote. Anaishi kwetu tangu alipofiwa na mama mukwe. Anakaa kwenye fotei yake karibu na dirisha, koti imefungwa mpaka juu, anavuta chai yake polepole, hasemi kitu. Nilimukasirikia yeye pia, nisidanganye. Neno moja tu kutoka kwake, na Apollinaire angenyamaza. Muzee, chai tu.

Kisha zamu ya shirika ikafika kwetu. Shirika ni sisi majirani Wakatoliki, tunasali nyumba kwa nyumba, na siku zamu iko kwako, saloni haiko yako tena. Apollinaire akashika nafasi hiyo hiyo. Akasema Jenerali akituletea haya mbele ya shirika, kesho yake Bulonza anakuja na pikipiki kumuchukua. Nikakubali. Nilijua saloni yangu, nilijua mbwa yangu. Angepita kwenye tapi yake, angelala chini ya dirisha, watu wangesali, wangerudi kwao.

Siku yenyewe nilishuka soko ya Nyawera kutafuta maua na mishumaa. Mvua ikanishika kule, mvua ile ya kwetu yenye haina haraka ya kwenda popote. Wakati huo Maman Priscille, mukubwa wa shirika letu, alikuwa ameshafika kwangu na wamama wengine kunisaidia. Njo desturi yetu: mutu hakuombi ruhusa ya kukusaidia, anakusaidia, na wewe unatoa aksanti.

Niliporudi, nilizania nimekosea nyumba. Tapi zote zimefungwa na kamba, zimetupwa nyuma ya jiko. Ngazi zimesuguliwa na javeli, ile dawa ya kusafishia yenye kuchoma pua, kwa sababu, Maman Priscille aliniambia kwa upole, kulikuwa kitu kimeoza pale. Fotei ziko inje chini ya paa, mabenchi ya parokia ndani. Meza ya sala wameisimamisha mbele ya mulango wa pembeni, na kitambaa nyeupe mpaka chini, na Bikira Maria juu. Maman Priscille alikuwa anatoka jasho, anacheka kwa furaha. Akasema sasa iko saloni ya Wakristo.

Mutu amekuoshea nyumba, utamuambia nini? Nilisema aksanti.

Jenerali nilimufungia kwenye kambre. Lakini tulipoanza kusali akaanza kulia, kulia kwa huruma, mpaka mama mumoja, roho yake nzuri, akaenda kumufungulia. Akaingia. Akatafuta tapi na muguu, hakuna. Akanusa, javeli tu. Akagonga benchi, akaomba musamaha kwa mukia, akagonga magoti ya watu, akageuka. Mimi nilikuwa nasali kwa nguvu kuliko wote, na haikuwa kwa ajili ya mambo ya parokia. Kisha akakumbuka njia. Akanyoosha moja kwa moja mpaka pale mulango wa pembeni uko siku zote, akasikia kitambaa kwenye pua, kitu baridi chenye kuchezacheza. Masikini, akazania amefika inje, kwenye majani. Tangu saa sita alikuwa anajizuia.

Akainua muguu kwa heshima yote ya cheo chake.

Ilichukua muda murefu. Wimbo ulikufa katikati ya saloni. Maman Priscille alikuwa amefunga macho, akafungua, akafunga tena.

"Kesho," Apollinaire akaniambia, na sauti ya chini yenye wote walisikia. "Mudaka."

Nililia pale pale mbele ya watu, na sikuona haya.

Njo hapo Muzee Théodore alitoka kwenye kambre yake. Yeye hachelewi, anangojea watu wawe wote ili wasimame. Wakasimama, wakakaa tena. Akasema Tumusifu Yesu Kristu, wakaitika. Akatembea wima, kichwa juu, mukono umegusa ukuta kidogo tu, mpaka karibu na dirisha, pale fotei yake iko siku zote. Pale kwenye benchi alikuwa amekaa Maman Priscille. Muzee akageuka, akainua koti kwa nyuma, akakaa juu yake.

Alikaa kabisa, na uzito wote. Akajipanga vizuri, akaweka mukono kwenye goti la mama wa watu sawa kwenye mukono wa fotei, akangojea tuendelee.

"Muzee," sauti ikasema kutoka chini, "ni mimi Priscille."

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Apollinaire naye alicheka, na makasiriko yake yote. Kisha akaacha, wa kwanza kati ya wote. Aliona baba yake anageuza kichwa huku na huku, anatafuta kwa masikio wenye kucheka wako wapi. Akapiga magoti mbele yake.

"Papa, tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Mimi nikashika kinywa. Kumbe ile tapi. Kumbe ile kitunguu saumu kwenye ngazi, muzee anashuka asubuhi wima sawa askari, nasema angalia vile ana nguvu. Nilikuwa nalea wawili bila kujua.

"Na sisi tuko hapa," Apollinaire akasema. "Sababu gani haukutuambia?"

"Kila siku kwenye meza nilikuwa nasikia pale munapeleka wenye hawaone," Muzee akasema.

Apollinaire akasimama, akachukua telefone, akamupigia Bulonza mbele yetu wote kumuambia asikuje, kesho wala siku ingine. Akatoka kwenye mvua na kravati yake. Akarudi amebeba fotei kichwani, maji yanamuchuruzika kwenye shingo, na akamuomba baba yake amuonyeshe pale ilikuwa.

Muzee akapiga polepole juu ya goti la Maman Priscille.

"Hapa," akasema.