Fundi Nusu

Mwalimu mstaafu alikwenda kwa fundi vioo akiwa na neno moja tu: anataka kioo kirefu kama mkewe. Tangu goti limsumbue, mama watoto alikuwa amehamia chumba cha chini kisichokuwa na kioo, naye si mtu wa kutoka nje bila kujua sketi imekaaje.

Fundi, mwanamke wa makamo mwenye plasta vidoleni, alimpa shikamoo yake, akauliza urefu wa mama, kisha akamshauri akate nusu yake tu. Zaidi ya hapo ni kupoteza kioo bure.

Mwalimu akacheka, akawageukia wateja waliokuwa wakisubiri. Somo hilo, alisema, amelifundisha miaka ishirini na sita. Kioo kikiwa kifupi, unarudi nyuma mpaka miguu ionekane.

Fundi hakubishana. Alibandika gazeti sehemu ya chini ya kioo kikubwa cha ukutani, akamsimamisha mwalimu mbele yake. Alijiona mpaka magotini. Akaombwa arudi nyuma. Akarudi hatua tatu, tano, hadi mgongo ukagusa mlango. Magoti yale yale.

"Mwanga wa kiatu chako unagonga kioo katikati ya kiatu na jicho, mwalimu. Uje karibu, uende mbali, ni pale pale."

Akashusha gazeti kidogo, viatu vikatokea. Akabandika jingine juu, usawa wa utosi unapoishia, akapima kilichobaki wazi: nusu ya mwalimu, kamili.

Wakati huohuo mfanyakazi mmoja akaita kutoka nyuma, "Fundi Nusu, hiki tukikate?"

Jina hilo likamchoma mwalimu. Alikumbuka binti mmoja wa kidato cha pili aliyejibu "nusu" kwa swali hilohilo kwenye mtihani. Yeye aliisoma karatasi ile kwa sauti, darasa likaangua kicheko, naye akambatiza Nusu Kioo. Mtenda husahau, kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshasahau.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mwalimu."

Alitaka kumwomba radhi kwa jina lake. Akalitafuta, hakulipata.

"Usihangaike," fundi alisema bila kinyongo. "Mtaa mzima unaniita ulivyoniita."

Afadhali angemtukana. Kioo kilikuwa mbele yake, kinamwonyesha uso wote ulivyomshuka. Akainamisha macho.

Nyumbani, kwenye kioo cha nusu yake, mama watoto alijiona kutoka kitambaa cha kichwa mpaka ndala, akafurahi, akamsifu fundi. Mwalimu akashindwa kunyamaza, akamweleza yote, hata kile kicheko cha dukani.

Mkewe akaketi kitandani. "Na ukatoka bila kumwuliza jina?"

Asubuhi mwalimu alirudi dukani. Alisimama mbele ya mafundi wote, akasema alichomfanyia mtoto wa watu: kwamba mtoto yule alikuwa sahihi, na mjinga alikuwa mwalimu. Kisha akamwuliza jina.

Fundi alimalizia kwanza kuuchora mstari wa kukatia, akakivunja kioo taratibu juu ya ukingo wa meza.

"Fizikia niliiacha mwaka ule ule," alisema.

Halafu akamtajia, majina yote matatu. Mwalimu akayarudia polepole, kila mtu akisikia, ila kumtazama usoni hakuweza.