Mtambo Ulioazima Kiwiko

Jana usiku usingizi ulinipeleka kazini, ingawa zamu yangu ilikuwa imekwisha. Ndani ya mtambo wa kukaushia nafaka nilimkuta mama yangu mzazi ameketi juu ya mahindi yake, anafuma sweta.

"Tusekile, mbegu zangu zinatoka jasho," akasema.

Ndizo mbegu pekee zilizomsalia baada ya mvua kuingia ghalani. Moto ukipungua, zitaoza. Ukizidi, zitakufa, na shamba la mama litalala tupu mwaka mzima. Niliogopa sana, lakini ndotoni mtu huogopa kwa adabu.

Mtambo huu mpya hauendi kwa namba. Fundi Anyosisye aliufundisha maneno: Baridi, Vuguvugu, Moto Kiasi, Moto Sana. Sasa maneno yenyewe yamekaa kwenye benchi, yamevaa makoti, kila moja linasema zamu ni yake.

"Zamu hii ni yangu kidogo," anasema Moto Sana.

"Ni yangu zaidi kidogo," anasema Vuguvugu.

Mtambo unawasikiliza wote, hata Baridi anayesinzia, kisha unanigeukia mimi.

"Dada, moto kiasi ni kiasi gani?"

"Kiasi cha mbegu," ninajibu.

"Hicho sijafundishwa."

Mama anaweka sweta chini, anaugeukia mtambo. "Maji ya kumwogesha mtoto tunayapima kwa kiwiko. Jitu kubwa hivi, hata hilo hulijui?"

"Sina kiwiko, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tusekile, mwazime chako."

Nikakifungua kiwiko cha kulia, kikatoka bila maumivu, nikaukabidhi mtambo. Hapo hapo kiwanda kinakuwa jiko letu la Rungwe, na mahindi yote yamo ndani ya beseni, yanaoga hewa ya moto na kulalamika kwamba sabuni inayaingia machoni. Mtambo unachovya kiwiko, unafikiri. Moto Sana anaondoka shingo upande. Moto Kiasi anavua koti, anaanza kazi.

"Kiwiko changu kitarudi?" nikauliza.

"Kwa kiasi kikubwa," ukajibu mtambo.

Niliamka alfajiri, baridi imenikaza miguu. Mwili wote ulikuwa baridi isipokuwa kiwiko cha kulia, ambacho kilikuwa na moto kiasi, kimegandwa na makapi ya mahindi. Nilikinusa kwa hofu. Hakikuwa na harufu ya mahindi yaliyopasuka kuwa bisi hata chembe. Kilinukia mahindi makavu yaliyo hai, nikalia kwa furaha.