Laini ya Upepo

Gari-nyumba, kwa asiyelijua, ni gari lililong'olewa viti na kuwekwa kitanda, jiko la gesi na dumu la maji, kisha mwenyewe akaanza kuwaambia watu kwamba ana nyumba. La Stanley lilikuwa Kosta kuukuu, basi dogo la rangi ya krimu. Alilinunua baada ya kuuza kiwanja chao cha Utemini, mjini Singida, na wageni waliolikodi kwenda kupiga kambi walilisifu mno. Walilala humo siku mbili, wakapiga picha, wakaota moto, halafu wakarudi makwao. Damari, mke wa Stanley, ndiye hakuwa na pa kurudi. Kwake lile lilikuwa ndilo kwao.

Asubuhi ya Jumanne hiyo Kosta lilikuwa limezama kwenye udongo wa mbuga, karibu na kijiji cha Kinyangiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili, na matairi ya nyuma hayakuonekana tena. Ukifungua mlango, tope. Ukifungua dirisha, mbu. Ukifunga vyote, harufu ya gesi na soksi za Stanley. Damari alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi, na simu ilikuwa ikimwonyesha maneno yale yale tangu walipofika: hakuna mtandao.

Saa nne watu wa hoteli moja ya Dodoma walikuwa wampigie kwa video. Walihitaji mpishi, na katika wote walioomba walikuwa wamebakiza wachache wa kuzungumza nao. Damari alisomea upishi chuoni kabla hajaolewa, na vyeti vyake vilikuwa vimelala chini ya godoro la gari. Kazi ile ilikuwa na chumba chake nyuma ya hoteli, chumba cha matofali, na waliandika wazi kwamba mwenye mtoto anaruhusiwa kuja na mtoto.

Hapo ndipo penye roho ya Damari. Binti yao Kristina alikuwa darasa la kwanza na aliishi kwa bibi yake Utemini, maana shule haina matairi. Mara ya mwisho Damari alipokwenda kumwona, mwezi uliopita, Stanley akiwa safarini na gari, mtoto alimwamkia vizuri, akakimbia ndani, akamletea kile kiti chenye kitambaa ambacho bibi huwatolea wageni. Kisha akamuuliza anaondoka saa ngapi. Damari alikaa kwenye kile kiti akatabasamu, na usiku alilia mpaka mto ukaloa. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila paa lisilotembea na mtoto wake chini yake.

Kwa hiyo Stanley alipopata wageni wa kupiga kambi Kinyangiri mwisho wa wiki, akasema waende mapema kuandaa mahali, Damari alikataa. Alitaka wasubiri Jumanne ipite.

"Mama Kristina, dunia ya sasa mtandao uko kila mahali," Stanley alimwambia. Alikuwa mtu wa Arusha, dereva wa zamani wa watalii, na maneno yalimtoka kwa ulaini. "Laini yako hii ni ya mjini tu, ukivuka Singida inakata roho. Tutanunua nyingine inayoshika huko, tutaweka bando la kutosha, utaongea nao umekaa chini ya mti unapigwa na upepo. Si bora kuliko kelele za Utemini?"

Damari akakubali kwa sharti hilo moja, laini inayoshika.

Walinunua kwa Amne, ambaye mwamvuli wake uko karibu na stendi ya Singida. Amne alisajili laini za kampuni zote mbili zenye minara huko vijijini, Upepo na Nguzo, na mwenyewe alikuwa Mnyiramba wa huko huko Kinyangiri. Damari ni Mnyaturu wa Mgori. Basi mambo yakaharibika pale pale, maana Mnyaturu na Mnyiramba ni watani, na wakikutana hakuna anayezungumza kama mtu mzima.

"Mnakwenda kwetu?" Amne aliuliza. "Njaa imewazidi Wanyaturu mpaka mnahama na nyumba?"

"Tunakwenda kuwafundisha kuoga."

"Karibuni. Ila mjue kwetu mgeni Mnyaturu analala na mbuzi mpaka tumhesabu asubuhi kama hajapunguza."

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria walisogea wasikie vizuri. Damari alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha akauliza laini gani inashika huko, na Amne, kwa sauti ile ile, na meno yale yale nje, akamjibu.

"Chukua Nguzo. Upepo huko haipo kabisa, mtani. Ukichukua Upepo utaongea na ng'ombe."

Watu wakaangua kicheko. Damari naye akacheka, akamwambia Amne kwamba anasukuma Nguzo kwa sababu ndiyo inayomlipa kamisheni nono, na kwamba Mnyiramba akikuelekeza njia, pita nyingine utafika. Mtani akikwambia gauni lako limechanika mgongoni, unacheka kwanza, ndipo unaangalia. Damari alicheka, hakuangalia. Akamgeukia mumewe.

"Baba Kristina, wewe unasemaje?"

"Chukua Upepo," alisema Stanley. "Mimi nimeuliza watu."

Damari akataja namba ya kitambulisho chake cha NIDA, akaweka kidole kwenye kile kimashine, ikasajiliwa Upepo. Amne alimtazama kidogo, akafungua mdomo, halafu akaja mteja mwingine.

Sasa alikuwa na Upepo yake ndani ya mbuga. Tangu alfajiri alikuwa amepanda juu ya paa la Kosta akainua simu mpaka mkono ukafa ganzi, akarudi ndani. Alikuwa ameizima na kuiwasha, ameitoa laini akaifuta kwa kanga, akairudisha. Stanley alikuwa chini, anasukumia matawi chini ya tairi kwa uvivu wa mtu asiye na safari.

"Labda hali ya hewa," alisema. "Mawingu haya yakipungua itashika."

"Saa tatu imepita."

"Mungu akiwa amepanga, watapiga siku nyingine. Na wasipopiga, basi si fungu letu. Hatujafa njaa humu ndani."

Damari aliinua macho. Alikuwa anaona tu dari la Kosta, ambalo akisimama linamgusa kichwa, na akaona miaka yake yote iliyobaki akiwa ameinama namna ile, anachemsha chai ya watu wanaokwenda makwao. Akavua viatu, akabana kanga kiunoni, akashuka kwenye tope.

"Unakwenda wapi?" Stanley aliuliza.

"Kutafuta mtandao."

Lile tope la mbuga halikuachii mguu mpaka liombwe. Alikuwa bado hajafika mbali aliposikia kengele, na kundi la ng'ombe likatokeza kwenye mwinuko, nyuma yake mzee mwenye ndevu zilizoanza mvi, koti la mvua na fimbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ni ninyi mliopanda gari hapa? Litaota lini?"

Damari hakuwa na nguvu ya kucheka. Alimweleza kwa kifupi: yeye ni nani, kwao Mgori, anapigiwa simu ya kazi saa nne, laini yake ya Upepo imekufa. Mzee alijitambulisha kuwa ni Noel, wa Kinyangiri, na aliposikia Mgori akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mnyaturu. Ndiyo maana. Nani alikwambia Upepo inafika huku? Hapa ni Nguzo tu." Akatoa simu ndani ya koti, simu kubwa ya kisasa iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Ninayo bando, vijana wangu wananitumia picha za wajukuu. Nakuwashia, unaunga yako kwangu. Ila sisimami. Nikisimama, hawa wataingia kwenye alizeti za watu. Ukitaka mtandao wangu, tembea."

Hivyo ndivyo Damari alivyofanyiwa usaili. Aliingiza namba ya siri ya Noel, akasubiri, na simu ikaanza kumimina ujumbe wa siku tatu. Saa nne na kitu ikaita. Akapokea akiwa katikati ya ng'ombe, tope magotini, anatembea kinyumenyume ili mwanga usimpige kwenye kioo. Waliotokea walikuwa wawili, mwanamama mwenye miwani na mwanaume mwenye tai.

"Samahani, tunasikia kengele," mwanamama alisema. "Uko kanisani?"

"Hapana mama. Ni ng'ombe. Gari letu limekwama mbugani, mtandao niliopata ni wa baba mmoja mfugaji, naye yuko safarini. Mkiniruhusu, nitawajibu nikitembea."

Wakatazamana. Mwanaume akauliza kama anaweza kupika katika hali ya shida, kisha akajicheka mwenyewe. Wakamuuliza juu ya kuku wa kienyeji, amlainishe vipi bila kumpotezea ladha, na Damari akaanza kueleza, na alipoanza kueleza akasahau kuogopa. Akaeleza supu, akaeleza mlenda wa kwao na namna ya kumpa mgeni asiyeuzoea. Mara mbili alibaki nyuma na sauti ikaanza kukatika, akakimbia kumfuata Noel, ambaye alikuwa anaswaga huku amegeuza uso pembeni kwa adabu, kama mtu anayepita mlango wa wenyewe. Ndama mmoja aliingiza pua kwenye picha. Mwanamama wa miwani alicheka mpaka akavua miwani.

"Ijumaa asubuhi," alisema mwishoni. "Uje Dodoma utupikie. Tukiridhika, unaanza kazi. Utaweza kutoka huko?"

"Nitatoka," alisema Damari.

Alipokata simu alichuchumaa. Noel akasubiri, ng'ombe walikuwa wamefika kwenye maji na hawakuwa na haraka tena.

"Asante baba. Mungu akubariki."

"Mtani hanyimwi. Ungekuwa Mgogo ningekulipisha." Akaanza kuirudisha simu kwenye nailoni. "Lakini nashangaa. Mzee wako hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Habari ya mtandao. Si yule aliyekuja mwezi uliopita na lile Kosta, kutafuta pa kuweka kambi? Alihangaika na Upepo yake pale pale mlipokwama, nikamwashia hivi hivi nilivyokuwashia wewe. Nikamwambia, mwanangu, ukileta watu waambie waje na Nguzo. Akashukuru sana."

Damari aliinuka taratibu. Alirudi njia ile ile ya tope, na safari hii hakuhisi baridi yake. Njiani alikuwa anarudi stendi, chini ya mwamvuli wa Amne. Aliona vijana wa bodaboda wanavyopigana makofi mgongoni, alimwona Amne na meno yake nje. Akamtafuta Stanley katika picha hiyo, na akamwona.

Stanley alikuwa ameketi kwenye ngazi ya Kosta anakunywa chai.

"Nilianza kuogopa," alisema. "Umepata?"

"Wamenipigia. Wananitaka Ijumaa, nikapike."

Stanley alishusha kikombe magotini. "Hongera. Gari likitoka, nitakupeleka mwenyewe."

"Siku ile kwa Amne, watu wote tulicheka," Damari alisema. "Mimi nilicheka, Amne alicheka, hata wale wa bodaboda. Wewe hukucheka."

Stanley alimwaga chai iliyobaki kwenye tope. Hakuuliza ni siku gani.

"Ungeondoka," alisema.

"Ningeondoka kwenda kazini."

"Ungeondoka, Damari. Hili gari bila wewe ni skrepa. Ningebaki na nini?"

Alisema kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo lililomkata Damari maini. Mtu huyu alimpenda. Alimpenda kama mtu anavyopenda mlango wa nyumba yake, awe nao, ufungwe. Amne, ambaye mila inamruhusu kumdanganya mchana kweupe, alimwambia kweli mbele za watu. Aliyelala naye kitanda kimoja alimdanganya, kisha akamtazama akiweka kidole kwenye mashine.

"Ungeniambia nisiende," alisema. "Tungegombana, ningelia, labda ningebaki. Hujanipa hata nafasi ya kugombana."

Alipanda ndani akiwa ameinama, akavuta vyeti chini ya godoro, kisu chake cha kazi, gauni moja na sweta. Akafungua simu, akaitoa laini ya Upepo, akaiweka juu ya dashibodi. Stanley alimfuata kwa macho tu.

"Utapitaje na tope lote hili?" aliuliza. "Subiri trekta, watu wa kijijini wamesema kesho litakuja."

Damari aliweka begi kichwani akashuka.

Noel alikuwa anawageuza ng'ombe kuelekea kijijini, ambako magari ya Singida hupita barabarani. Alimwona yule mwanamke anakuja peke yake na begi, akapunguza mwendo. Akatazama kule nyuma kwenye Kosta, ambako mtu alikuwa amesimama juu ya paa ameinua simu.

"Na mzee?" aliuliza.

"Anasubiri mtandao," alisema Damari.

Noel akacheka kwanza, kama inavyompasa mtani. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka, akampokea begi.