Jino Lililonyamaza

Mimi Kaimenyi namwogopa daktari wa meno, na sioni aibu kusema. Meno yangu ya kutafunia ya kushoto yaliisha moja moja. Kila moja lilipoanza kuuma nilisema nitaenda wiki ijayo, na nilipofika huko likawa la kung'olewa. Kulia lilibaki moja tu lenye kazi, na sasa nalo lilikuwa limeanza.

Binti yangu Kagwiria, mwalimu kule Embu, alinikokota hadi Meru mjini kwa daktari Karwirwa. Daktari alipiga picha, akanionyesha kivuli kwenye mzizi.

"Mzee, hili bado linaokolewa. Nasafisha mzizi, naujaza, unaendelea kutafuna. Lakini iwe wiki hii. Ukichelewa ni kung'oa."

"Wiki ijayo," nikasema.

Nilikuwa na sababu. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kwangu Mikinduri kumposa huyo huyo Kagwiria, na mimi siwezi kupokea wakwe nikiwa na mdomo wa ganzi, mate yakinichuruzika. Kagwiria alinuna njia nzima.

Alhamisi jino likanyamaza. Nikampigia simu kumwambia limepona lenyewe.

"Baba, daktari alisema likinyamaza ndio linakufa. Kimya kingi kina mshindo."

"Nimelima miraa kabla huyo daktari wako hajazaliwa," nikamjibu, nikakata simu. Miraa na mzizi wa jino havihusiani, lakini wakati huo nililiona ni jibu zuri.

Jumamosi wakaja: kijana mwenyewe, Njue, na baba yake, Njiru, pamoja na wazee wawili kutoka Siakago. Njiru sikuwa nimempenda. Kwao hutafuna muguka, yale majani laini ya jamii ya miraa, ambayo mimi nimekuwa nikiyaita chakula cha mbuzi. Lakini walikuwa wameulizia desturi zetu. Njue alileta ncoolo, kile kifurushi cha miraa cha kuposea, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Kwetu baba wa msichana huchukua kijiti cha kwanza, akatafuna na kumeza. Akimeza, amekubali. Akitema, wageni huchukua kofia zao.

Nikachagua kijiti, nikamenya gamba kwa meno ya mbele, nikalisogeza kulia, nikauma. Maumivu yalinipasua hadi sikioni. Nilipopata fahamu zangu, gamba lilikuwa sakafuni.

"Ametema," akasema polepole ndugu yangu Kaberia, aliyekuwa msemaji wetu.

Njiru akainua kofia yake. Mlangoni Kagwiria alisimama na sinia ya chai, machozi yamemjaa. Niliona aibu kubwa. Mwanangu alikuwa anapoteza mume kwa ukaidi wangu.

"Kaeni," nikasema, nimeshika shavu. "Kijana sijamkataa. Ni jino."

"Jino gani?" Njiru akauliza. Hakuamini.

Nikafungua mdomo mbele ya wakwe, jambo ambalo sijasikia likifanywa na mzee yeyote wa huku kwetu Tigania. Njiru akawasha tochi ya simu, akachungulia. Akawaita wazee wake, nao wakachungulia.

"Ni ukweli," akatangaza. "Shamba limebaki na mti mmoja, na huo unaoza."

"Lakini lazima ameze kitu," Kaberia akasema. "Jibu la ncoolo halilali."

Njiru akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa muguka uliofungwa kwa karatasi. "Hii ni laini, hata kibogoyo anatafuna. Shida ni kama mbuzi wako watakubali kugawana."

Kumbe maneno yangu yalikuwa yamefika Siakago. Nikamtazama Kagwiria, nikachukua majani yale, nikayatafuna kwa meno ya mbele kama sungura, nikameza mbele ya ukoo wangu mzima. Vigelegele vikapigwa jikoni. Majani yenyewe, nisiseme uongo, hayakuwa mabaya.

"Sasa tutajie siku ya harusi," Njiru akasema.

Kwetu siku hutajwa na baba. Nikakohoa, nikajiweka sawa, lakini Kagwiria alikuwa ameshatua sinia.

"Siku ya kwanza ni Jumatatu saa tatu, kwa daktari Karwirwa. Hiyo nyingine baba ataitaja akitoka huko."

Kaberia alitaka kupinga. Njiru akacheka. "Tumekubali. Na mimi nitakuja kuhakikisha ameketi kwa kiti."

Nikadhani ni mzaha. Jumatatu nilimkuta kwenye benchi la kliniki kabla ya saa tatu.

"Umeliwahi," daktari akaniambia baada ya kuliangalia, nami nikafumba macho.

Nilipotoka, mdomo mzima ukiwa ganzi na mate yakinichuruzika, Njiru alikuwa bado amekaa pale, kofia magotini. Akanipa leso yake. Nikamtajia siku ya harusi hapo hapo, ingawa ilibidi niirudie mara tatu ndipo akanielewa.