Kijani cha Habib

Wewe uliyekaa hapo, nikutegee: huona shamba lote, asimwone aliyelilima. Umeshindwa? Ungenipa mji, lakini mji tuliokuwa nao ndio huo walioutaka. Ni ndege ya serikali, yenye kamera tumboni.

Ilipita juu ya Kibra asubuhi moja ya mwaka 1948, chini sana, kuku wakakimbilia uvunguni. Sajini Fadul, aliyerudi kutoka vitani Burma na goti bovu, aliisikia ikigeuka. Huko alifundishwa: ndege ikija, potea.

"Zimeni moto. Nyasi na matawi juu ya mabati. Kisha chini ya miti, nyote."

"Vita vimekwisha, baba Habib," mkewe Mabrouka alisema. "Uji utapoa."

"Heri upoe uji kuliko wewe."

Majirani walimtii, maana alikuwa sajini. Ndege iliporudi, nyumba saba zilikuwa zimepotea vizuri.

Mwanawe Habib alifanya kazi mjini, ofisi ya ramani, kupaka rangi picha zilizopigwa angani. Miezi minne alipaka pwani. Weusi ndani ya maji ni majani ya bahari, aliambiwa, paka kijani. Akapaka maili kwa maili. Bahari yenyewe hajaiona hata leo.

Kisha picha ya Kibra ikawekwa mezani pake. Aliutafuta uwanja wa mama yake kwa lenzi. Nyasi.

"Bwana, hapa pana nyumba saba," alimwambia mkubwa wa ofisi. "Nimezaliwa hapa."

"Nionyeshe."

Hakuweza.

"Si mbali, Bwana. Twende tukatazame."

"Majani ya bahari tulikwenda kuyatazama?"

Dirishani zilionekana kofia za watu waliokuja kuomba kazi, kama kila asubuhi. Habib akachovya brashi kwenye kijani.

Mwaka haukuisha. Karani Naftaly akaja na askari wawili na ramani. Mabrouka akampa kiti na chai.

"Mzee, ndege imepiga picha: hapa ni nyasi za serikali. Hapakai mtu. Jumatatu trekta inaingia."

"Karani, umekalia kiti changu."

"Ramani haina kiti."

"Na chai unayokunywa, imechemkia wapi?"

Naftaly akamaliza chai. Fadul akamtolea cheti cha jeshi, karani hakukikunjua. Mzee akaweka kidole juu ya kijani cha ramani.

"Ndege haishiki brashi. Mtu ndiye aliyepaka hapa. Ni nani?"

Naftaly akaikunja ramani, kidole kikabaki hewani.

Jumatatu Fadul aliwauliza askari swali lile lile. Akamuuliza dereva wa trekta, aliyesema yeye ni wa kuendesha tu. Mabrouka alikuwa amekaa juu ya godoro barabarani, sufuria mapajani, akitazama matairi yakipita alipozalia watoto watano.

Baba na mwana wakabeba bati la mwisho, huyu mbele, huyu nyuma.

"Wewe unafanya kazi nao," Fadul alisema bila kugeuka. "Ni nani?"

Bati lilikuwa na makali. Habib alilishika hivyo hivyo.

"Ni mimi, Baba."